Kovu si kidonda

Najua nimepotea. Wengine mmeniuliza kama nimedisco. Sijadisco, bado nipo, ila UE zilinibana, halafu kuna stori moja nilikuwa naikwepa. Kila nikikaa niandike kitu kingine, inanijia hiyo hiyo. Mwenzangu wa chumbani ameshaisikia mara tatu, juzi akaniambia, "Iandike basi upumzike, na sisi utupumzishe." Haya, leo naiandika. Inanihusu mimi, farasi kumi na wanne, na punda mmoja wa mama wa watu.

Mnakumbuka BTP ya mwaka wa pili. Mimi nilipangiwa sekondari moja nje ya mji wa Arusha, njia ya kwenda Namanga. Wengi mlilia kupelekwa mbali, mimi nilishangilia, maana baba yangu mdogo anafanya kazi maeneo hayo hayo. Baba mdogo ni saisi. Kwa wasiojua, saisi ni mtunza farasi: anawalisha, anawasugua, anawatoa mawe kwenye kwato, anawatandika matandiko ili wageni wapande wakaangalie mlima Meru kwa raha zao. Kwa hiyo mimi posho ya BTP sikulipia chumba. Nililala kwake, nyuma ya mabanda, na kila alfajiri niliamshwa na farasi wanaogonga milango wakidai nyasi. Kengele bora kuliko simu!

Nilipofika mwezi wa saba nilimkuta baba mdogo amekonda. Nikamuuliza, akasema ni kazi tu. Siku ya tatu, tukiwa tunaota moto, ndo akanisimulia.

Mwezi wa tano, masika yakiishia, farasi jike mmoja wa rangi ya kahawia alikufa. Huyo baba mdogo alimlea tangu siku aliyozaliwa. Jioni alikula vizuri. Asubuhi akakutwa anahema kwa shida, na vile vishimo vya juu ya macho ambavyo kila farasi anavyo vilikuwa vimejaa, vimevimba. Ilipofika mchana povu likaanza kumtoka puani. Jeupe, jingi, kama mtu kamwaga ndoo ya sabuni. Jua halijazama, akaanguka.

"Nilimfuta kwa shati langu," baba mdogo akasema. "Shati likalowa lote. Linatoka tu."

Mzee huyu sijawahi kumwona analia. Hata siku ile hakulia, ila aliinuka akaenda kukagua mabanda ambayo tulikuwa tumeshayakagua.

Daktari wa mifugo alisema dalili ni za ugonjwa unaoitwa ugonjwa wa farasi wa Afrika. Unaletwa na virusi, na farasi hawaambukizani kwa kugusana wala kulala banda moja. Anayeupeleka huku na kule ni visubi, wale wadudu wadogo kuliko mbu ambao jioni ukikaa nje unakuna mikono bila kuona aliyekuuma. Kisubi akinyonya damu ya mnyama mwenye virusi, halafu baada ya siku kadhaa akamuuma farasi, basi kazi imeisha. Farasi ambaye hajawahi kukutana na virusi hivyo wala hajachanjwa, akipata ile aina ya mapafu, kupona ni bahati. Na yule jike mwaka huo alikuwa bado hajapata chanjo.

Nilivyo mtu wa kudesa kila kitu, nikaanza kusoma usiku. Kumbe ugonjwa huu una historia. Kule Rasi ya Tumaini Jema, Afrika Kusini, mlipuko mkubwa uliandikwa tangu mwaka 1719. Mwaka 1854 hadi 1855 ukarudi na kuua karibu farasi 70,000 huko huko. Fikiria, wakati huo farasi ndo gari, ndo trekta, ndo kifaru cha vita. Mwaka 1987 uliingia Hispania kupitia pundamilia walionunuliwa kutoka Namibia. Pundamilia wenyewe walikuwa wazima, wanakula majani, hawana habari. Na mwaka 2020 uliibuka Thailand, ambako haukuwahi kuonekana, ukaua farasi zaidi ya 500.

Hapo kwa pundamilia ndo pa kushika, maana stori yetu inaanzia hapo. Farasi kwenye bara hili ni mgeni. Pundamilia ni mwenyeji, wamezoeana na virusi hivi tangu enzi na enzi, anavibeba bila kuumwa. Punda wetu naye yuko karibu na pundamilia kwa jambo hili: akiumwa na kisubi chenye virusi, mara nyingi haonyeshi chochote. Anabeba maji yake kama kawaida. Damu yake tu ndo inajua.

Kwa hiyo wiki ya mwisho ya mwezi wa saba walikuja watu watatu kupima: daktari mwenyewe na vijana wawili wanaosomea mifugo. Walitaka damu ya farasi wote kumi na wanne, halafu ya punda wa kijiji cha jirani, kwa sababu punda hao wanakunywa kwenye bwawa lile lile ambalo farasi hupita, na pembeni ya bwawa kuna tope, na kwenye tope ndo visubi huzaliana.

Farasi walimalizwa asubuhi moja. Baba mdogo anamshika mmoja mmoja, anamnong'oneza, daktari anabonyeza shingoni mpaka mshipa unatuna, sindano inaingia, damu inajaa kwenye vichupa viwili. Kimoja kina kifuniko chekundu, damu inaachwa igande, yanabaki maji ya njano juu. Hayo ndo hupimwa kingamwili, zile askari za mwili. Kingine kina kifuniko cha zambarau, kina dawa ya kuzuia damu isigande. Hicho ni cha kutafuta virusi vyenyewe kwa kipimo cha PCR. Na tone dogo walilizungusha kwenye mashine, wakaangalia kwa hadubini kama kuna vijidudu vya nagana, ile ya mbung'o.

Mimi nilikuwa naandika namba. Kijana mmoja akanieleza vizuri sana, akasema, "Hadubini inamtafuta mwizi mwenyewe ndani ya nyumba. PCR inatafuta nywele zake. Kipimo cha kingamwili kinatafuta nyayo." Nikacheka, nikasema huyu angefaa kuwa mwalimu. Kumbuka hilo neno nyayo. Mimi nilikuja kulisahau siku niliyolihitaji.

Siku ya punda haikuwa rahisi. Tulikaa chini ya mgunga toka saa moja, mpaka saa tatu punda walikuwa wanne tu. Watu wamesimama mbali wanatuangalia. Mzee mmoja akauliza kwa sauti, ili kila mtu asikie, "Damu ya mifugo inakwenda wapi? Au mumiani siku hizi wamehamia kwa punda?" Watu wakacheka, lakini sio kicheko cha mchezo. Si mnajua stori za mumiani, sisi wote tumekua nazo.

Hapo daktari akaniangalia. Mimi watu wananifahamu, nafundisha watoto wao. Nikasogea, nikainamisha kichwa kwa wazee, wakanigusa utosini kama desturi ya kule, nikaongea. Niliongea vizuri tu. Nilisema damu ni kidogo, kama kikombe cha kahawa hakijai. Nilisema inakwenda maabara. Nilisema farasi kafa, na tunataka kujua ugonjwa umefika wapi.

Wa kwanza kusogea alikuwa mama mmoja wa makamo, ambaye nitamwita yeyo, maana ndivyo nilivyokuwa namwita. Ni mjane. Wajukuu zake wawili walikuwa darasani kwangu, kidato cha kwanza. Ana punda jike mmoja tu, wa kijivu, ana mstari mweusi mgongoni na mwingine mabegani kama msalaba. Jina lake Mkwe. Nikauliza kwa nini Mkwe. Yeyo akasema punda huyo alinunuliwa na hela iliyobaki kwenye mahari ya binti yake. "Binti alikwenda, huyu akaja. Na huyu ananisaidia kuliko yule mkwe mwenyewe," akasema, watu wakacheka, safari hii kicheko cha kweli. Kuanzia hapo punda wakaja. Kufika saa nane tulikuwa tumepima thelathini na mmoja.

Wakati sindano iko shingoni kwa Mkwe, yeyo akaniuliza, "Mwalimu, mnatafuta nini hasa?"

Nikamjibu, "Tunataka kuona tu kama ni mzima."

"Na akikutwa si mzima?"

"Utaambiwa, yeyo."

Wadau, kosa langu la kwanza ni hilo. Hatukuwa tunatafuta kama punda ni mzima. Mkwe alikuwa mzima, mbele yetu, anafukuza nzi kwa masikio. Tulikuwa tunatafuta kama amewahi kukutana na virusi. Ni swali jingine kabisa. Lakini nililigeuza likawa fupi, kwa sababu refu nilikuwa nalijua kwa Kiingereza peke yake.

Majibu yalikuja wiki ya kwanza ya mwezi wa tisa, siku ya Alhamisi. Daktari alituma orodha kwa simu, na chini yake ujumbe: nakuja Jumanne kuwaeleza wenyewe. Baba mdogo akaichapisha ofisini kwao, akaikunja, akaiweka mfukoni. Nikamwomba niione. Farasi: tisa walikuwa na alama ya kujumlisha kwenye safu ya kingamwili. Bosi wa pale hakushtuka hata kidogo. Alikuwa na daktari wake kwenye simu, na daktari akamwambia tisa hao ndo wale wale waliochanjwa. Chanjo ni virusi vilivyodhoofishwa. Mwili ukiviona unatengeneza kingamwili, na kipimo hakiwezi kujua kama nyayo ni za mwizi au za mtu aliyemwiga mwizi. Safu ya PCR yote ilikuwa sifuri. Hakuna farasi wala punda aliyekuwa na virusi siku ile.

Punda: kumi na wanane kati ya thelathini na mmoja walikuwa na alama ya kujumlisha. Mkwe ni namba moja, kwa hiyo alikuwa juu kabisa ya karatasi.

Ijumaa asubuhi nilikuwa natoka kwenda shule. Siku hiyo msimamizi wangu alikuwa anakuja kunikagua. Mnaijua hiyo hali. Nimelala saa nane usiku naandaa azimio, nimeshika chati zangu, shati nimepiga pasi mara mbili. Na mada, cheka tu, ilikuwa kinga ya mwili. Getini nikakutana na yeyo na Mkwe, madumu manne mgongoni.

"Mwalimu, nasikia karatasi imekuja."

Ningeweza kusema subiri Jumanne. Maneno mawili. Lakini nilimwahidi kwamba ataambiwa, na kusema kweli nilitaka kuonekana ninajua. Nikasema, "Ndiyo yeyo. Mkwe amekutwa chanya. Ule ugonjwa wa farasi."

Alinyamaza. Akamwangalia punda, akaniangalia mimi. "Ule uliomtoa povu farasi wa baba yako?"

"Huo huo. Lakini watu hauwapati, usiogope."

"Na mbuzi?"

"Hapana, mbuzi hapana." Nikaangalia saa. "Daktari atakuja Jumanne atasema vizuri."

Nikakimbia. Somo lilikwenda bomba. Nilichora kingamwili ubaoni kwa chaki ya rangi, nikaeleza kinga ya kuzaliwa nayo na kinga ya kupata, wajukuu wa yeyo wakanyoosha vidole mpaka wakasimama. Msimamizi alinipa alama ambazo sikuwahi kupata. Aliandika kwamba nina uwezo wa kufafanua dhana ngumu. Fomu hiyo ninayo hapa mezani hadi leo, na siwezi kuisoma bila kuona aibu.

Jumamosi ni siku ya mnada.

Jumanne daktari alikuja, watu wakakaa chini ya mgunga ule ule. Yeyo akafika mwisho, kwa miguu, dumu mgongoni. Daktari akauliza, "Mama, namba moja yuko wapi?" Akasema, "Nimeuza."

Alimuuza mnadani Jumamosi jioni, laki moja na ishirini, wakati punda jike kama yule hakuuzwa chini ya laki mbili na nusu. Alichelewa kufika, watu wanaondoka, na mwenye haraka hana bei. Dalali alimuuliza kwa nini anauza, akasema ana ada ya shule. "Sikumwambia kwamba anaumwa," akatuambia, kichwa chini. "Na hilo nalo halijaniacha kulala." Yaani yeyo alikuwa anajiona yeye ndo mkosaji, kwamba kamuuzia mtu mnyama wa kufa. Mimi nimekaa pale, nimeshika daftari la majina.

Daktari hakunigombeza. Aliniangalia mara moja tu, ikatosha. Kisha akaanza kueleza. Akasema damu ya punda hawa kumi na wanane inaonyesha kwamba siku moja huko nyuma, pengine mwaka juzi, pengine masika haya, kisubi aliwauma na virusi vikaingia. Mwili ukapigana ukashinda. Virusi vimeondoka. Kilichobaki ni wale askari waliopigana, wanakaa muda mrefu wakikumbuka adui. Kipimo kimewaona askari, hakijaona adui.

Yeyo akainua kichwa. "Kwa hiyo ni kovu?"

Daktari akanyamaza kidogo. "Ndiyo mama. Ni kovu."

"Kovu si kidonda," yeyo akasema. Akanigeukia mimi, taratibu, bila hasira. "Mwalimu, mbona hukusema hivyo?"

Sikuwa na jibu. Nilisoma kinga ya mwili kidato cha kwanza, cha tano, na hapa chuo. Nilipata A. Nilikuwa na desa kurasa arobaini. Na neno lenyewe alikuwa nalo yeye, mtu ambaye hajakaa darasani.

Nilisema mbele ya watu wote kwamba kosa ni langu. Nadhani nilisema. Baba mdogo anasema nilinong'ona, na yeye ndo aliyerudia kwa sauti. Yeyo akasema, "Wewe ulisoma ulichokiona kwenye karatasi. Mimi nilisikia nilichokuwa nakiogopa." Hilo ndo lililoniumiza zaidi, bora angenitukana.

Baadaye nilijiuliza kwa nini neno chanya lilimwangukia vile. Nikakumbuka kwamba kwetu neno hilo lina historia. Julai 2007, mimi hata shule sijaanza, Rais Kikwete alipima UKIMWI hadharani na kuhimiza taifa zima lipime. Wazazi wetu walipanga foleni. Toka enzi hizo, kwa mtu wa kawaida chanya lina maana moja tu: unacho, na hakitoki. Na kwa UKIMWI ni sahihi! Kipimo cha haraka cha UKIMWI nacho kinatafuta kingamwili, nyayo zile zile, lakini kwa sababu virusi vile haviondoki vyenyewe, penye nyayo mwizi yupo ndani. Isipokuwa mtoto mchanga wa mama mwenye virusi. Yeye anaweza kuwa na kingamwili za mama yake mpaka karibu mwaka na nusu bila kuwa na virusi, ndiyo maana mapema hupimwa kwa PCR. Na kwa mtoto wa farasi ni hivyo hivyo: ananyonya kingamwili kwenye dang'a ya mama yake, ukimpima mapema utasema amekutana na ugonjwa, kumbe ni urithi tu.

Kwa hiyo kingamwili ile ile, maana tofauti, kutegemea ugonjwa. Farasi ana ugonjwa mwingine wa virusi unaowapunguzia damu, unaenezwa na nzi wakubwa wanaouma. Kipimo chake cha kingamwili kilitolewa mwaka 1970 na Leroy Coggins wa Marekani, na farasi akikutwa nao anahesabiwa ana virusi maisha yake yote. Marekani huuawa, au atengwe angalau yadi 200 mbali na wenzake mpaka afe. Huko kovu na kidonda vinakwenda pamoja. Halafu kuna virusi vya West Nile, vilivyogunduliwa mwaka 1937 kwa mwanamke mmoja mwenye homa katika wilaya ya West Nile, jirani zetu Uganda. Vinaenezwa na mbu wanaovitoa kwa ndege. Mwaka 1999 vilitokea New York, vikaua ndege, watu na farasi. Farasi akiumwa na mbu huyo hawezi kumpa mbu mwingine, virusi kwenye damu yake ni vichache mno, lakini anabaki na kingamwili. Basi watu wanapima farasi ili wajue kama virusi vimefika mtaani kwao. Farasi anakuwa shahidi. Hajafanya kosa, hana hatia, kaona tu.

Mkwe naye alikuwa shahidi. Na mimi nikamsomea hukumu.

Jumamosi iliyofuata mimi na baba mdogo tulikwenda mnadani. Tukampata dalali. Alicheka, akasema punda yule alishamuuza siku ile ile kwa mtu mwenye lori, yuko na wenzake. Wapi? Hajui. Tulizunguka mpaka jioni tunaangalia migongo ya punda, tunatafuta msalaba mweusi. Punda wenye msalaba ni wengi, wadau. Wote wanao. Sikuwa najua hilo mpaka siku hiyo.

Wiki zilizobaki kila asubuhi nilimwona yeyo akipita getini na dumu mgongoni, karibu saa nzima kwenda na zaidi ya saa kurudi. Kabla, Mkwe alileta madumu manne kwa safari moja. Sasa ni dumu moja kwa safari moja, na wajukuu wakaanza kuchelewa darasani kwa sababu nao wanabeba. Niliwahi kuwaadhibu wachelewaji mwezi wa nane. Mwezi wa tisa sikumuuliza mtu kitu.

Tulichanga. Mimi nilitoa kilichobaki kwenye posho, sio kikubwa, nisijifanye shujaa hapa. Baba mdogo alikopa kwenye mshahara wake, masaisi wenzake wakaongeza, daktari naye akatuma. Yeyo akaweka ile laki na ishirini ambayo hakuigusa, alikuwa anaiogopa. Tukanunua punda mdogo, dume, hajazoea mizigo. Siku ya kwanza alimwaga madumu yote njiani na kukaa chini. Jirani mmoja akamuuliza yeyo, huyu utamwitaje? Akasema, "Mwalimu. Kwa sababu bado anajifunza."

Kwa hiyo, wadau, njia ya Namanga kuna punda anaitwa Mwalimu. Baba mdogo ananipigia ananiambia habari zake. Sasa anabeba madumu mawili.

Naandika haya kwa sababu wengi wetu humu mwaka kesho tunaingia kazini. Tutasimama mbele ya watoto tufundishe kwa Kiingereza, tuchore kwa chaki za rangi, wakaguzi watufurahie. Halafu jioni mzazi atatukamata getini na karatasi ya hospitali, ya mifugo, ya benki, atasema mwalimu nisomee. Mwenye farasi ana daktari wake wa kumpigia simu. Mwenye punda mmoja ana sisi. Mimi nilikuwa na A na sikuwa na neno. Siku hizi kila mada ninayoandaa najipima hivi: ningemwambiaje yeyo, amesimama getini, madumu yanavuja, na mimi nina haraka? Nisipoweza, basi sijaielewa, narudi kusoma upya. Na kama jibu lenyewe linahitaji mtu mwingine alieleze, nasema tu, "Subiri Jumanne." Ni maneno mawili, nimeshayazoea.

Baba mdogo amepata mtoto mwingine wa farasi wa kulea, wa kahawia. Sasa hivi ikifika saa kumi na moja jioni farasi wote wako ndani, milango na madirisha yana wavu mwembamba, mpaka jua lichomoze vizuri, maana visubi hula machweo na usiku. Chanjo wamepata wote. Akipimwa huyo mdogo atakuwa na alama ya kujumlisha. Safari hii nitajua kuisoma.

Bando linakata na mwenzangu anataka taa izimwe. Mwenye stori ya BTP iliyomwuma kama hii aandike hapo chini, tusaidiane kubeba. Alamsiki.